Namna ya kujua kama pembe ulizopewa zinaweza kuunda pembetatu

Umepewa namba tatu, unaambiwa ni pembe, kisha unaulizwa: zinaunda pembetatu au haziundi? Jibu fupi ni hili. Kila pembe iwe kubwa kuliko sifuri, na zote tatu zikijumlishwa zitimie nyuzi 180. Masharti ni hayo mawili tu. Yakitimia yote, pembetatu ipo. Likikosekana moja, haipo.

Kama ulitaka hilo tu, unaweza kuishia hapa. Lakini nimesahihisha madaftari mengi ya somo hili, na wanaokosa si kwamba hawaijui 180. Wanaijua kama majina yao. Wengine hukosea kabla ya kujumlisha, kwa kutotazama wamepewa namba za namna gani. Wengine hukosea baada ya kujumlisha, wanapata 179 na kuandika "hapana" bila kuuliza hiyo 179 imetoka wapi. Nitakaa zaidi kwenye sehemu hizo mbili. Kujumlisha kwenyewe unajua.

## Hatua ya 1: Jua namba ulizoshika ni za nini

Kabla kalamu haijagusa karatasi, jiulize maswali matatu.

La kwanza: hizi ni pembe za ndani? Kanuni ya 180 ni ya pembe za ndani, zile zilizo ndani ya umbo. Ukirefusha upande mmoja ukapita kipeo, pembe inayotokea kati ya kile kipande ulichoongeza na upande wa pili ni pembe ya nje. Pembe za nje tatu, moja kwa kila kipeo, jumla yake ni 360. Kwa hiyo mtu akikupa 110, 120 na 130, ukajumlisha ukapata 360, usikimbilie kuzikataa. Rudi usome swali. Kama ni pembe za nje, toa kila moja kwenye 180 uone za ndani: 70, 60 na 50. Hizo jumla yake ni 180, pembetatu ipo. Kama swali limesema waziwazi kwamba ni za ndani, basi haipo na hakuna rufaa.

La pili: zimepimwa kwa kipimo gani? Shuleni tumezoea nyuzi, ambapo mzunguko mzima ni 360 na pembetatu ni 180. Kwenye radiani mzunguko mzima ni 2π, kwa hiyo pembe za pembetatu zitimie π. Kuna pia gradi, ambazo wapima ardhi wa baadhi ya nchi wanazitumia. Huko mzunguko mzima ni 400 na pembetatu ni 200. Vikokotoo vingi vina vipimo vyote vitatu, na juu ya kioo huwa kuna herufi ndogo D, R au G ambayo hakuna anayeitazama hadi majibu yaanze kuwa ya ajabu.

Radiani zikija kama sehemu za π, usizigeuze kuwa desimali. Chukua π/4, π/3 na 5π/12. Ziweke zote chini ya 12: ni 3/12, 4/12 na 5/12 za π. Jumla ni 12/12, yaani π yenyewe. Imekwisha, na hukuhitaji kikokotoo. Ungetumia 3.14 ungebaki na mikia ya desimali na wasiwasi usio na sababu.

La tatu, ambalo ndilo husahaulika zaidi: namba hizi ni kamili, au zimepimwa, au zimefupishwa? Swali la kitabuni likisema pembe ni 60, 60 na 59, limemaanisha 60, 60 na 59. Lakini namba zilezile zikitoka kwenye kipimapembe, au kwenye programu ya kuchorea inayoonyesha namba nzima tu, habari inabadilika. Jibu la swali hili litaamua utaifanya nini 179 huko mbele.

## Hatua ya 2: Tazama kabla hujajumlisha

Seti nyingi mbovu hujulikana kwa kuangalia tu.

Ukiona sifuri au namba hasi, acha hapo. Pembe 90, 90 na 0 jumla yake ni 180 lakini si pembetatu. Pembe ya sifuri maana yake pande mbili zimelaliana na umbo limekufa. Vivyo hivyo 0, 0 na 180: hizo ni nukta tatu zilizopangwa kwenye mstari mmoja.

Ukiona pembe mbili ambazo kila moja ni 90 au zaidi, acha. Mbili hizo zimeshameza 180 yote, ya tatu haina pa kutoka. Ndiyo maana pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili, wala pembe mraba mbili, wala moja ya kila aina.

Ukiona zote tatu ziko chini ya 60, jumla haiwezi kufika 180. Zote zikiwa juu ya 60, itapita. Pembetatu halisi lazima iwe na angalau pembe moja isiyopungua 60 na angalau moja isiyozidi 60. Watu wanaishangaa hii wakiambiwa mara ya kwanza, lakini ni hesabu ya wastani tu: 180 gawanya kwa 3.

Na kama namba ni nzima, jumlisha tarakimu za mwisho peke yake. Pembe 57, 68 na 54: saba na nane kumi na tano, na nne kumi na tisa. Jumla itaishia na 9, na 180 inaishia na 0. Tayari umejua jibu. Kumbuka lakini kwamba tarakimu ya mwisho inakataza tu, haithibitishi. Pembe 50, 60 na 80 zinaishia vizuri na jumla yake ni 190.

## Hatua ya 3: Jumlisha

Kwa nyuzi nzima hapana la kusema. Tatizo huja pembe zinapoandikwa kwa nyuzi na dakika. Nyuzi 1 ina dakika 60, na dakika 1 ina sekunde 60, kama saa.

Chukua hizi: 47°38′, 65°52′ na 66°30′.

Nyuzi kwanza: 47 + 65 + 66 = 178. Dakika: 38 + 52 + 30 = 120. Dakika 120 ni nyuzi 2 kamili. Jumla yote ni 180. Pembetatu ipo.

Sasa angalia anachofanya mtu mwenye haraka. Anaingiza kwenye kikokotoo 47.38, kisha 65.52, kisha 66.30. Kinamletea 179.20. Anaandika "hapana" kwa kujiamini kabisa. Kosa ni kwamba 47°38′ si 47.38, dakika 38 ni 38 gawanya kwa 60, yaani kama 0.63 ya nyuzi. Hili ni kosa baya kwa sababu jibu linalotoka linafanana na jibu la kweli. Lingetoka 400 angeshtuka.

Ushauri wangu: safu mbili, nyuzi kushoto na dakika kulia, jumlisha kila safu peke yake, kisha hamisha kila 60 ya kulia iwe 1 ya kushoto. Sekunde zikiwepo, safu tatu. Ni njia ya kizamani na haijawahi kuniangusha.

## Hatua ya 4: Amua

Jumla ikiwa 180 na kila pembe ni chanya, jibu ni ndiyo. Jumla ikiwa kitu kingine na namba ni kamili, jibu ni hapana, hata kama imepungua kwa nyuzi 1. Kwenye hesabu hakuna "karibu pembetatu".

Namba zikiwa zimefupishwa hadi namba nzima iliyo karibu, mambo ni tofauti. Fikiria pembetatu halali yenye pembe 60.4, 60.4 na 59.2. Zifupishe: 60, 60, 59. Jumla 179. Pembetatu ipo palepale, imevaa nguo ya kubana tu. Nyingine ina 70.5, 60.5 na 49. Ukifupisha kwa kupandisha nusu unapata 71, 61 na 49, jumla 181.

Je, unaweza kusamehe kiasi gani? Hapa hakuna haja ya kubahatisha. Kila namba iliyofupishwa imepotoka kwa nusu ya nyuzi kwa wingi wake. Namba tatu, basi upotofu wote hauzidi nyuzi 1.5. Na kwa kuwa jumla ya namba nzima ni namba nzima, majibu yanayovumilika ni matatu tu: 179, 180 na 181. Ukipata 178 au 182, kuna namba iliyokosewa. Mantiki hiyohiyo inashuka kwenye desimali: pembe zikiwa na desimali mbili, jumla inaweza kuwa 179.99, 180.00 au 180.01, si zaidi.

Pembe ulizopima kwa mkono zina hadithi yake. Kipimapembe cha plastiki ukikisoma vizuri unakosea kwa nusu nyuzi au nyuzi 1, kwa sababu mstari wa penseli una unene na kitovu cha kipimapembe hakikai sawasawa kwenye kipeo. Mara tatu ya hiyo ni nyuzi 3. Kwa hiyo kwa mchoro wa mkono mimi nakubali chochote kati ya 177 na 183. Jumla ikiwa mbali zaidi ya hapo, usilaumu mkono, laumu macho. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inapanda kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, na mtu husoma safu isiyo yake. Anapima pembe ya 60 anaandika 120. Akiwa na 50 na 70 pembeni, jumla inamtokea 240. Dawa ni kuitazama pembe yenyewe kwenye mchoro: ni kali au ni butu? Pembe kali haiwezi kuwa na namba iliyozidi 90.

Wapima ardhi, ambao hawana anasa ya kukataa pembetatu iliyopo mbele yao, wana utaratibu mzuri zaidi. Tuseme wamepima 58°14′20″, 71°33′10″ na 50°12′45″. Sekunde ni 75, yaani dakika 1 na sekunde 15. Dakika zinakuwa 14 + 33 + 12 + 1 = 60, yaani nyuzi 1. Nyuzi: 58 + 71 + 50 + 1 = 180. Jumla ni 180 na sekunde 15. Hawasemi "si pembetatu". Vipimo vyote vitatu vikiwa vimechukuliwa kwa uangalifu sawa, wanazigawa zile sekunde 15 kwa tatu na kutoa 5 kwa kila pembe: 58°14′15″, 71°33′05″, 50°12′40″. Zishike hizo sekunde 15, tutakutana nazo tena.

## Kwa nini 180, na kwa nini inatosha

Chora pembetatu yoyote, kitako chini na kipeo juu. Kwenye kipeo cha juu pitisha mstari ulio sambamba na kitako. Hapo juu sasa kuna pembe tatu zimekaa pamoja chini ya mstari huo mmoja: ya kushoto, ya kati na ya kulia. Ya kati ni pembe ya pembetatu yenyewe. Ya kushoto ni sawa na pembe ya kitako ya kushoto, kwa sababu upande wa kushoto unakatiza mistari miwili sambamba na kuacha pembe zilezile juu na chini. Ya kulia vivyo hivyo. Tatu kwa pamoja zinajaza mstari mnyoofu, na mstari mnyoofu ni nyuzi 180. Usipoamini maneno, kata pembetatu ya karatasi, chana kona zake tatu, zipange ncha kwa ncha. Zitalala kwenye rula.

Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alilithibitisha jambo hili yapata miaka 300 kabla ya Kristo, naye pia kwa msaada wa mstari sambamba. Ni kauli ya 32 katika kitabu cha kwanza cha Elements, maandishi yake ya jiometri. Ila uthibitisho huo unasema tu kwamba kila pembetatu ina 180. Swali letu ni la upande wa pili: je, kila namba tatu chanya zenye jumla ya 180 zina pembetatu yake? Walimu wengi wanaliruka, nami sioni ni kwa nini, maana ndilo linalokupa haki ya kuandika "ndiyo".

Jibu linapatikana kwa kuchora. Ziite pembe A, B na C. Chora kitako cha urefu wowote. Mwisho wa kushoto inua mstari wenye pembe A, mwisho wa kulia inua mwingine wenye pembe B. Kwa kuwa C ni zaidi ya sifuri, A na B kwa pamoja hazifiki 180, kwa hiyo mistari miwili imeinamiana, na mistari iliyoinamiana lazima ikutane mahali. Pembe ya pale inapokutana ni kile kilichobaki kwenye 180, yaani C.

"Mahali" panaweza kuwa mbali. Chora kitako cha sentimita 10 na pembe 80 kila upande: kipeo kitakuwa kama sentimita 28.4 juu, kinaingia kwa shida kwenye karatasi ya A4 yenye urefu wa sentimita 29.7. Weka 85 kila upande: sentimita 57, umeshatoka nje ya karatasi. Weka 89: karibu mita 2.9, unahitaji ukuta. Weka 90: hakuna umbali utakaotosha, mistari inapanda pamoja kama reli na haikutani kamwe. Nimewahi kuona mchoro wa pembe 85, 85 na 10 umeandikwa pembeni "haziundi, mistari haijakutana". Karatasi ndiyo iliyokwisha. Kwa hiyo kuchora ni kwa kuelewa. Uamuzi ufanye kwa hesabu.

## Ukipewa pungufu, au ukipewa herufi

Ukipewa pembe mbili tu na kuulizwa kama zinaweza kuwa ndani ya pembetatu moja, jumla yake iwe chini ya 180. Haitakiwi kuwa sawa, iwe chini. Ya tatu ni kinachobaki. Pembe 95 na 84 zinakubali, na ya tatu ni 1. Pembetatu nyembamba kama kisu, lakini ni pembetatu. Pembe 95 na 85 zinakataa.

Ukipewa uwiano, kwa mfano 2 : 3 : 4, jumlisha mafungu upate 9, gawanya 180 kwa 9 upate 20, kisha zidisha: 40, 60, 80. Uwiano wowote wa namba chanya utakubali, kwa sababu wewe ndiye unayezilazimisha zitimie 180.

Herufi ndiyo sehemu yenye mtego. Pembe ni x + 30, x + 50 na 40 − x. Jumla ni x + 120. Ilinganishe na 180, unapata x = 60. Mlinganyo umetatuliwa, jibu ni safi, wengi hupigia mstari hapo na kufunga daftari. Rudisha sasa hiyo 60 ndani: 90, 110 na −20. Jumla ni 180 kweli, lakini pembe ya tatu ni hasi. Pembetatu haipo. Hata kabla ya kuiona hasi, 90 na 110 zilikwishakuambia. Kwa hiyo kwenye maswali ya herufi kuipata x ni nusu ya kazi. Ibadilishe iwe pembe, kisha rudia hatua ya 2.

## Pembe si pande

Kuna kanuni nyingine inayofanana na hii, nayo watu huzichanganya. Kwa pande, jumla ya pande zozote mbili lazima izidi upande wa tatu, wala 180 haihusiki. Chukua uwiano 1 : 2 : 3. Kwa pembe unakuwa 30, 60 na 90, pembetatu mraba nzuri kabisa. Kwa pande hauundi kitu: vijiti vya 1 na 2 vikiunganishwa vinafika 3 tu, vinalala juu ya kijiti cha tatu. Namba zilezile, majibu mawili. Kwa hiyo soma kama swali limesema pembe au pande.

Tofauti nyingine: pembe hazikuambii ukubwa. Pembe 40, 60 na 80 zinafaa pembetatu ya kuchora kwenye kucha na pembetatu ya kuzunguka uwanja. Swali likikupa pembe pamoja na pande, kuna jambo moja zaidi la kukagua: upande mrefu kuliko wote lazima utazamane na pembe kubwa kuliko zote, na mfupi utazamane na ndogo.

## Ukiiandikia kompyuta

Zoezi hili linapendwa na wanaofundisha kuandika programu, na kosa lake ni lile lile la madaftari. Mwanafunzi anaandika: kama A + B + C = 180, andika "ndiyo". Anajaribu 60, 60, 60 inakubali, 60, 60, 70 inakataa, anaridhika. Mpe 200, −30 na 10. Jumla 180, programu inasema ndiyo. Sharti sahihi ni: A > 0, na B > 0, na C > 0, na A + B + C = 180. Huhitaji kuongeza kwamba kila moja iwe chini ya 180. Masharti hayo manne yakitimia, hilo limejileta lenyewe.

Desimali zina kero yake. Kompyuta huhifadhi desimali kwa namba za mfumo wa mbili, na nyingi haziingii kamili. Katika lugha nyingi za programu, 0.1 + 0.2 inatoka 0.30000000000000004. Ukilinganisha jumla ya desimali na 180 kwa alama ya usawa, kuna siku pembetatu halali itakataliwa kwa ajili ya tarakimu ambayo hakuna aliyeiandika. Wengi husuluhisha kwa kuruhusu tofauti ndogo, tuseme isiyofika 0.000001. Mimi napenda zaidi kugeuza pembe kuwa sekunde nzima tangu mwanzo na kuzilinganisha na 648,000, ambayo ni 180 mara 60 mara 60. Namba nzima hazina ubishi.

## Pale ambapo 180 haitawali

Yote niliyosema ni ya uso bapa. Juu ya tufe mambo hubadilika. Anzia kwenye Ncha ya Kaskazini, shuka kwa mstari wa longitudo hadi ikweta, geuka nyuzi 90, fuata ikweta robo ya mzunguko wa dunia, geuka tena 90, rudi juu hadi ncha. Umetembea pembetatu yenye pembe mraba tatu: jumla 270. Kwenye tufe jumla huzidi 180 daima, na ziada inategemea eneo. Kwa Dunia, kila takriban kilomita 197 za mraba huongeza sekunde 1. Ndiyo maana huioni kwenye daftari wala kwenye kiwanja.

Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliiona ziada hiyo. Miaka ya 1820, akipima ardhi ya Ujerumani, alitumia pembetatu ya vilele vitatu vya milima, Hohenhagen, Brocken na Inselsberg, yenye pande za kama kilomita 69, 85 na 107. Eneo lake linakaribia kilomita 2,930 za mraba. Ligawe kwa 197, unapata karibu 15. Zile sekunde 15 tulizozigawa kwa tatu kule juu kama makosa ya vipimo, kwenye pembetatu ya ukubwa huu si makosa: hizo ni za duara la Dunia, na jumla unayotakiwa kuipata ni 180 na sekunde zake 15. Mpima ardhi anazitoa hizo kwanza, na kinachobaki ndicho anachokigawa.